Shajara ya mradi: Muda wa maji kuufikia moto katika Jiji la Mbeya

Shajara hii inafuata kazi ya kikundi kidogo cha wapima ramani wanaojitolea jijini Mbeya, ambao tumejipa swali moja: moto ukiwaka mahali fulani ndani ya jiji, muda gani hupita tangu mtu wa kwanza aone moshi hadi maji yaanze kuuangukia moto huo, na katika muda huo ni nani aliye katika hatari kubwa zaidi? Tunaiandika kila hatua inapokamilika ili wenzetu wa Iringa, Njombe, Songea au Sumbawanga wapate mahali pa kuanzia. Kumbukumbu za matukio tulizoonyeshwa ni mali ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Tuliruhusiwa kuzitumia kupima usahihi wa hesabu zetu, si kuzichapisha, na kwa sababu hiyohiyo shajara haitaji magari ni mangapi wala yanalala wapi. Kinachowekwa hapa ni njia ya kufanya kazi pamoja na gharama zake.

18 Januari 2024: Swali, mipaka na viwango vya kulinganishia

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 541,603 katika Jiji la Mbeya, wakiwa katika kata 36 ambazo kwa sehemu kubwa zinafuata barabara kuu ya TANZAM kutoka Iwambi na Iyunga upande wa magharibi hadi Uyole na Igawilo upande wa mashariki, huku safu ya Loleza ikiuziba mji upande wa kaskazini. Mji wenye umbo refu namna hiyo, hata kituo kikiwekwa wapi, lazima ncha yake mojawapo iwe mbali, na jambo hilo halihitaji utafiti. Kinachohitaji utafiti ni kujua umbali huo una maana gani kwa dakika, na dakika hizo zina maana gani kwa nyumba ya matofali ya Forest kulinganisha na safu ya vibanda vya mbao vya Mwanjelwa.

Kwa kulinganisha tumechukua kiwango cha NFPA 1710 cha chama cha Marekani cha kinga dhidi ya moto, kilichotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2001 kwa ajili ya idara zenye askari wa kudumu. Kinataka askari wawe wametoka kituoni ndani ya sekunde 80 tangu wapewe taarifa ya moto, na gari la kwanza lifike ndani ya sekunde 240 za mwendo, katika angalau asilimia 90 ya matukio. Hatukukichukua ili kumhukumu mtu, kwa kuwa hakikuandikwa kwa ajili ya mji wenye barabara za udongo. Tumekichukua kwa sababu kinaugawa muda vipande vipande, na kipande kimoja kimoja kinaweza kupimwa peke yake.

Kutoka Uingereza tumechukua wazo la pili. Kwa miongo mingi nchi hiyo iliyapanga maeneo yake katika madaraja, ambapo daraja la juu lilipaswa kupata magari mawili ndani ya dakika tano, na eneo la mashambani gari moja ndani ya dakika 20. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 viwango hivyo vya taifa viliachwa, na kila eneo likatakiwa kuandika mpango wake kwa kufuata hatari zake lenyewe. Tumeona ni busara kufanya yote mawili, yaani kupima muda, kisha kupima hatari, na kuziweka ramani hizo mbili juu ya meza moja.

9 Februari 2024: Duara la kilomita tatu, na kwa nini limefutwa

Tulianza na kanuni fupi ambayo watafiti wa taasisi ya RAND, waliofanya kazi na zimamoto ya jiji la New York miaka ya 1970, waliiacha na ambayo bado inatumika sana: muda wa mwendo kwa dakika ni 0.65 kujumlisha 1.7 mara umbali kwa maili. Ukiigeuza kwenda kilomita, kizidishi kinakuwa takriban 1.06, na dakika nne zinakupa kilomita 3.2 hivi. Tukachora duara la nusu kipenyo hicho kwenye QGIS, programu ya kuchora ramani, na ramani ikatoka nzuri kiasi kwamba mtu angeweza kuibandika ukutani na kufunga kazi.

Kasoro zake zilionekana mara tu tulipoweka juu yake mtandao wa barabara wa OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni. Kanuni inazungumzia kilomita za barabara, ilhali duara linahesabu kilomita za mstari ulionyooka, na katika mji unaokatwa na vijito vinavyoshuka kutoka Loleza tofauti ya mambo hayo mawili si ndogo. Nyumba mbili zinazotazamana ng'ambo ya korongo zinaweza kuwa mita 200 kati yao kwenye ramani, na gari likalazimika kurudi hadi barabara kuu, kuvuka daraja, kisha kupanda tena. Reli ya TAZARA huleta hali ileile mahali ambapo vivuko vya magari ni vichache.

Kasoro ya pili iko ndani ya kanuni yenyewe. Kizidishi cha 1.7 kimebeba mwendo wa takriban kilomita 56 kwa saa, ambao gari zito haliwezi kuuhifadhi kwenye matuta, kwenye foleni ya Mafiati saa za jioni, wala kwenye mpando wa udongo uliolowa. Duara limefutwa na halitatumika tena hata kama mchoro wa kuelezea watu, kwa sababu mtu akishaliona hukumbuka duara na kusahau maelezo. Hatua hii haikutugharimu ila bando la intaneti, maana programu na takwimu zake zote ni za bure.

1 Machi 2024: Kutafuta mwendo wa kweli

Mbadala wa duara ni kuhesabu muda kupitia kila kipande cha barabara, lakini hesabu hiyo inahitaji mwendo wa kila kipande, na mwendo ambao programu huweka yenyewe hautofautishi barabara ya lami na njia ya udongo kama inavyostahili. Magari ya zimamoto hayawezi kuombwa kwa majaribio, kwani lazima yabaki tayari, kwa hiyo tulihitaji gari la kuyawakilisha.

Jaribio la kwanza lilikuwa la bodaboda wawili waliozunguka na simu zenye programu ya kurekodi njia, kwa malipo ya shilingi 25,000 kila mmoja kwa siku. Takwimu zao zimetupwa. Bodaboda hupita pembeni mwa foleni, hukata vichochoro, na hupanda Itiji au Iganzo kwa mwendo ambao hakuna lori linaloufikia. Ramani iliyotokana nao ilionyesha mji wote ukifikiwa upesi kuliko hata ile ya duara.

Suluhisho lilitoka kwa watu wanaojenga. Lori la Fuso lililobeba mchanga au matofali lina uzito unaokaribia wa gari la zimamoto lenye tangi la lita 5,000, ambazo peke yake ni tani tano. Tena, malori hayo huenda hasa kule ambako takwimu zetu zilikuwa haba, yaani mitaa mipya inayojengwa Isyesye, Itezi, Iwambi na kwingineko. Madereva waliokubali walipewa simu ya zamani iliyowekwa juu ya dashibodi, na kila mmoja alilipwa shilingi 10,000 kwa siku pamoja na ahadi kwamba majina yao na sehemu wanakochimba mchanga havitaandikwa popote. Sharti hilo la pili waliliweka wao wenyewe, nasi tulilielewa bila kuuliza.

Rekodi za malori zinahitaji kusafishwa kabla ya kutumika. Vituo vya kupakia, kushusha na kunywa chai lazima viondolewe, na safari za kurudi lori likiwa tupu zitenganishwe na zile za kwenda likiwa na mzigo. Aidha, lori halina king'ora. Kwa hiyo kwenye barabara kuu tulichukua mwendo wa asubuhi sana, kabla foleni haijaanza, uwakilishe gari linalopishwa njia. Kwenye njia za udongo tuliuacha mwendo wa lori kama ulivyo, maana pale kinachozuia ni ardhi, na king'ora hakisawazishi mashimo.

22 Machi 2024: Mvua

Hesabu ya Februari na hesabu ya Machi hazikulingana kwa mitaa ileile. Baadhi ya njia ambazo lori lilizipita mwezi uliotangulia zilikuwa zimekatika, na dereva mmoja alishusha matofali barabarani akaondoka, jambo ambalo kwa mwenye nyumba ni hasara lakini kwetu ni takwimu safi. Kuanzia sasa kila kipande cha barabara ya udongo kina mwendo wa aina mbili, wa masika na wa kiangazi, na vipande vinavyofungwa kabisa wakati wa mvua vina alama yake. Yeyote atakayenakili kazi hii katika nyanda hizi za juu asianze Julai na kudhani amemaliza.

Ujenzi wa njia nne kwenye barabara kuu kati ya Nsalaga na Ifisi unaongeza ugumu mwingine, kwani njia za mchepuko hubadilika bila ramani kufuata. Sehemu hizo tumeziandika tarehe ya kupimwa, na tarehe hiyo inaonekana kwenye ramani yenyewe.

19 Aprili 2024: Muda unaopotea kabla gurudumu halijazunguka

Namba ya zimamoto ni 114, na takriban kila mtu tuliyezungumza naye aliijua au aliiona imeandikwa mahali. Kinachofuata baada ya simu kupokelewa ndicho tulichotaka kukipima, yaani inachukua muda gani kwa mpigaji kueleza aliko kiasi kwamba mtu asiyeujua mtaa huo aweze kufika.

Tulifanya zoezi lisilohusisha namba ya dharura hata kidogo, kwa kuwa kuichezea namba hiyo ni kosa na ni hatari. Mwenzetu mmoja alisimama na mkazi mbele ya nyumba, mkazi akampigia mwenzetu mwingine aliyekuwa na ramani mbali na hapo, na kazi ya huyo wa pili ilikuwa kuweka alama mahali alipodhani pameelekezwa. Operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 iliweka majina ya barabara na namba kwenye nyumba, na vibao vinaonekana. Hata hivyo wengi wa waliojaribu walianza kwa kusema "kwa Mama John, panda juu," au wakataja kanisa, mashine ya kusaga, au duka lililofungwa zamani lakini ambalo jina lake limebaki. Mama John kwa mwenyeji wa Mbeya ni mahali panapojulikana, si mama wa mtu, na mgeni hapo hupotea mara moja. Neno "stendi" nalo linaweza kuwa Stendi Kuu, Kabwe au Nane Nane, kutegemea aliyesema anakaa upande gani.

Jibu letu la kwanza lilikuwa kuwahimiza wakazi wakariri namba za nyumba. Wenyeviti wa mitaa walitusikiliza kwa adabu. Mzee mmoja aliyewahi kuwa mwenyekiti akatuambia, "Wanangu, mtu nyumba yake ikiwaka hasomi kibao," na baada ya kurudia zoezi hilo tukakubali kwamba ana haki. Kwa hiyo tumegeuza kazi: badala ya kumfundisha mpigaji lugha ya ramani, tunaifundisha ramani lugha ya mpigaji. Tumekusanya orodha ya majina ya mahali kama watu wanavyoyasema, kila jina likiwa na nukta yake, na majina yanayojirudia yamewekewa swali la kuuliza, kwa mfano "stendi ya daladala au ya mabasi ya mikoani?" Zoezi liliporudiwa na mwenzetu yuleyule akiwa na orodha hiyo, maelezo yalifupika kwa kiasi ambacho hakuna marekebisho yoyote ya barabara tuliyoyafikiria yangeweza kukifikia.

10 Mei 2024: Mita mia za mwisho

Ramani ya muda humaliza kazi pale lori linaposimama. Nyumba inayowaka, hasa kwenye miteremko ya Isanga, Itiji na baadhi ya sehemu za Ilemi, inaweza kuwa mbele zaidi, kwenye njia ambayo watu wawili wakikutana mmoja hujibanza ukutani. Kanuni za Marekani zinataka njia ya gari la zimamoto iwe na upana wa mita 6.1 usio na kizuizi. Sisi tulitumia kamba yenye mafundo na kuandika tu mahali ambapo Fuso linapita, mahali linapopita bila kuweza kugeuza, na mahali lisipopita.

Ikiwa kila mpira wa maji una urefu wa mita 25, nyumba iliyoko mita 150 kutoka gari linaposimama inahitaji mipira sita iliyounganishwa, ibebwe kwa mikono na mara nyingi kupandishwa mlima. Tulijaribu kuukisia muda huo kwa kutembea na mizigo ya kilo 15, na kosa la makisio yetu ya awali lilikuwa kutumia mwendo mmoja kwa njia zote. Kwenye mpando mkali mwendo ulikaribia nusu ya ule wa tambarare. Sasa kila mita ya kwenda kwa miguu ina uzito wa mteremko wake, unaochukuliwa kutoka takwimu za bure za mwinuko zilizopimwa kwa setilaiti.

Sababu ya kujali dakika hizi ni ya kihandisi. Moto wa kundi linaloitwa la kasi huhesabiwa kufikia takriban megawati moja katika sekunde 150, na kwa kuwa nguvu hukua kwa mraba wa muda, katika sekunde 300 unakuwa mara nne ya hapo. Kuchelewa mara mbili hakukupi moto mkubwa mara mbili.

28 Juni 2024: Watu wako wapi

Tulipogeukia upande wa hatari, jambo la kwanza lilikuwa kuwaweka watu kwenye ramani. Kugawa idadi ya kata kwa eneo lake kulitupa matokeo ya ajabu, kwa sababu kata za pembezoni zimebeba mashamba na milima, na programu iliwatawanya wakazi hadi kwenye vilele visivyo na nyumba. Tukahamia kwenye takwimu za bure za Google Open Buildings, ambazo zina michoro ya mapaa ya Afrika iliyotolewa kwenye picha za setilaiti, tukagawa watu wa kila kata kwenye mapaa yake.

Hili nalo lilifeli mahali pabaya kuliko pote. Sokoni, mabati yaliyogusana huonekana kutoka juu kama jengo moja, hivyo mamia ya vibanda yalihesabiwa kama nyumba chache kubwa, na masoko yakatoka yakiwa na hatari ndogo kuliko mitaa ya Forest. Mji ambao Soko la Mwanjelwa liliteketea mwaka 2006 na soko la SIDO mwaka 2017 hauwezi kukubali ramani ya namna hiyo. Masoko, stendi, mabweni ya shule na hospitali yametolewa kwenye hesabu ya mapaa na kuandikwa kwa mikono, kila moja kwa fomu yake.

Fomu hizo ndizo zilizotuletea kosa la saa. Tuliuliza wakazi na walinzi matukio waliyoyakumbuka yalitokea muda gani. Wao wakajibu kwa saa za Kiswahili, na baadhi ya waandishi wetu wakaandika tarakimu walizozisikia. Saa nane usiku ikaingia kwenye jedwali kama 20:00 badala ya 02:00, na kwa muda fulani tuliamini kwamba moto wa sokoni huanza wakati wafanyabiashara wanafunga. Baada ya kuzipitia fomu zote upya, matukio hayo yalihamia usiku wa manane, ambapo hakuna mfanyabiashara na anayeuona moto kwanza ni mlinzi. Kwa mpango wa kinga hiyo ni tofauti ya kumfundisha nani. Fomu mpya ina sehemu ya kuweka alama: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku kabla ya saa sita, usiku baada ya saa sita.

2 Agosti 2024: Jedwali la kuzidisha, na kuachwa kwake

Miongozo mingi ya kutathmini hatari humtaka mtu atoe alama ya uwezekano kuanzia moja hadi tano, alama ya madhara kuanzia moja hadi tano, kisha azidishe. Tulifanya hivyo, na moto wa jikoni majumbani ukapata tano mara mbili, soko kuwaka usiku likapata mbili mara tano. Yote ni kumi. Jedwali lilikuwa linatuambia kwamba mambo hayo mawili ni sawa, wakati hayana chochote cha kufanana, wala katika chanzo, wala katika vifaa, wala katika mtu wa kuzungumza naye.

Tumeacha kuzidisha na tunaweka makundi mawili yasiyochanganywa. La kwanza ni la matukio madogo yanayojirudia, ambayo dawa yake ni elimu ya nyumba kwa nyumba: nyaya zilizounganishwa kienyeji, mitungi ya gesi, mishumaa, na jiko la mkaa linaloingizwa chumbani wakati wa baridi ya Juni na Julai. Hilo la mwisho limetuchukulia mjadala mrefu, kwa kuwa linaua kwa hewa ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu wala moshi wa kuonekana, hakuna paa linaloungua, na tukio halihesabiwi kuwa la moto. Tumelibakiza, maana mwongozo unaohusu hatari za jamii na kuliacha jambo linaloua watu wa nyanda hizi kila msimu wa baridi ungekuwa wa mji mwingine.

Kundi la pili ni la matukio adimu yenye madhara makubwa, na kila moja linahitaji ukurasa wake. Malori ya mafuta yanayokwenda Zambia, Kongo na Malawi hupita katikati ya mji au hupinda Uyole. Mkasa wa Msamvu, Morogoro, wa tarehe 10 Agosti 2019, ambapo lori la mafuta lililopinduka liliwaka na kuua watu zaidi ya mia moja, wengi wao wakiwa wamekwenda kuchota petroli, unaonyesha kwamba katika tukio la aina hiyo dakika za gari la zimamoto si kipimo pekee. Kinachoamua ni nani atakayewazuia watu wasisogee katika dakika za mwanzo, na kwa miteremko ya Iwambi au makutano ya Uyole jibu la swali hilo ni bodaboda, mama lishe na madereva wengine waliopo pale. Wao ndio tuliowaandikia ukurasa huo.

Moto wa nyasi kwenye Loleza wakati wa kiangazi tumeuacha nje ya mradi huu. Ni kazi ya watembea kwa miguu wenye vipigio vya matawi, na hesabu zetu za magari haziuhusu.

6 Septemba 2024: Maji

Hii ndiyo hatua iliyobadilisha jina la mradi. Hadi Agosti tulikuwa tunapima gari kufika. Baadaye tukatambua kwamba gari likifika na maji yakaisha, ramani yetu bado inaipaka sehemu hiyo rangi ya kijani.

Hesabu ni rahisi na inatosha kufanywa kwenye karatasi. Tangi la lita 5,000 likilisha mpira mmoja kwa lita 450 kwa dakika hudumu dakika 11; likilisha miwili, dakika tano na nusu. Tuseme mahali pa kujazia pako kilomita tatu, na gari linakwenda kilomita 20 kwa saa kwenye njia mbovu: kwenda na kurudi ni dakika 18, kujaza kwa lita 1,000 kwa dakika ni dakika tano, kuunganisha na kufungua mipira ni kama dakika mbili. Mzunguko wa dakika 25 kwa lita 5,000 ni wastani wa lita 200 kwa dakika, ambazo hazifikii hata nusu ya mahitaji ya mpira mmoja. Kwa moto wa chumba, tangi la kwanza huenda likatosha. Kwa safu ya vibanda, hapana.

Tulikusanya mahali pa kujazia kwa kuuliza na kutazama: mabomba ya zimamoto, ambayo mafundi huyaita haidranti, matangi ya taasisi, na vijito. Vijito vilionekana kuwa neema hadi tulipokumbuka mwinuko. Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa hapa ni kama asilimia 81 ya ile ya pwani. Pampu ya kufyonza haivuti maji, bali hewa ndiyo inayoyasukuma kuingia, kwa hiyo kimo ambacho kwa nadharia ni mita 10.3 Dar es Salaam kinashuka hapa hadi takriban 8.4, na kwa kazi halisi, ukichukua theluthi mbili, mita 5.6. Madaraja kadhaa tuliyokuwa tumeyawekea alama yana kina kikubwa kuliko hicho kutoka barabarani hadi majini. Yameondolewa. Yaliyobaki yana alama ya msimu, kwa kuwa kijito cha Aprili si kijito cha Septemba.

Kipimo chetu sasa kina namba mbili kwa kila mahali: dakika hadi maji ya kwanza, na lita kwa dakika zinazoweza kuendelea baada ya tangi la kwanza kuisha. Mitaa kadhaa iliyokuwa salama kwa namba ya kwanza imekuwa ya wasiwasi kwa namba ya pili, na kuna sehemu moja iliyo mbali ambayo imepanda, kwa sababu tu ina taasisi yenye tangi kubwa na uongozi uliokubali liandikwe.

25 Oktoba 2024: Kulinganisha na matukio halisi, na gharama

Kabla ya kukabidhi, tulilinganisha makisio na kumbukumbu tulizoruhusiwa kusoma. Hapo tunatoa tahadhari moja kwa wanaonakili: msitumie wastani. Chukueni mfano wa kutunga wa matukio kumi yenye dakika 5, 5, 6, 6, 6, 7, 7, 8, 19 na 21. Wastani wake ni tisa, na hakuna hata mmoja wa watu hao aliyesubiri dakika tisa. Wanane walifikiwa ndani ya dakika nane, wawili walisubiri karibu dakika 20, na hao wawili ndio kazi yetu. Ukiuliza ndani ya dakika ngapi tisa kati ya kumi walifikiwa, jibu ni 19, na jibu hilo linakuelekeza kwenda kutazama walikokuwa. Mahali penye matukio machache tumeandika kila tukio lenyewe na kuacha asilimia kabisa.

Afande aliyetupokea kituoni aliipitia ramani kwa kalamu nyekundu na kutuonyesha njia tatu ambazo lori hupita lakini gari lao halipiti kwa sababu ya nyaya zinazoning'inia chini. Kimo cha nyaya hakikuwamo kwenye fomu zetu, sasa kimo.

Gharama kubwa ilikuwa malipo ya madereva, ikifuatiwa na kuchapisha ramani kubwa za ukutani kwa shilingi 15,000 moja, kwa ajili ya ofisi za kata zilizoomba. Pesa ya bodaboda ilipotea yote. Simu za zamani tuliazimwa, na mbili zilikufa kwa vumbi. Wanaoanza upya wanaweza kuokoa fedha nyingi kwa kufanya zoezi la majina ya mahali kwanza, kwa kuwa linahitaji daftari na salio tu, na matokeo yake yanatumika hata kama hatua nyingine hazitafanyika.

Orodha ya majina ya mahali imekabidhiwa pamoja na ramani mbili za msimu. Njia za udongo za Itezi na Isyesye zitapimwa tena mvua zikishatulia, na safari hii fomu itaanza na makutano yaliyobadilishwa na ujenzi wa barabara kuu.